Mtungi wa Siku Mbili

Saa nne kasorobo asubuhi Inspekta alisimama kando ya kitanda cha zahanati, saa ya mkononi mbele ya macho, akihesabu kifua cha mzee asiyemjua. Kilipanda. Kikashuka. Kisha kikakaa kimya. Kikakaa mpaka yeye mwenyewe akajikuta amebana pumzi. Ndipo kikapanda tena, kidogo tu, kama mtu anayefanya kazi kwa kulazimishwa.

Dakika ilipotimia akashusha mkono. "Nane," akasema.

"Nilipompokea alfajiri zilikuwa kumi," tabibu akajibu. "Mtu mzima aliyetulia anapumua mara kumi na mbili, kumi na tano, mpaka ishirini hivi. Huyu anaisha, afande. Anaisha kama betri ya tochi, na mimi natazama."

Tabibu alikuwa kijana mwembamba, koti lake jeupe limebaki na vifungo viwili. Zahanati nzima ilikuwa na vyumba vitatu, yeye, na muuguzi mmoja ambaye wakati huo alikuwa chumba cha pili akimzalisha mama aliyepiga kelele tangu mapambazuko.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," Inspekta akasema. Alifungua daftari lake dogo.

"Kila ugonjwa una mwendo wake wa pumzi. Mwenye pumu kifua kinapiga mluzi, kuitoa hewa kunamtesa kuliko kuivuta. Mwenye nimonia anahema juu juu, haraka haraka. Sukari ikimpanda mtu kupita kiasi anavuta pumzi kubwa, za chini kabisa, na mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Moyo ukichoka sana, pumzi zinakua, zinakua, zinapungua, zinakoma kabisa, halafu zinaanza upya. Ya huyu mzee si mojawapo ya hizo. Haihangaiki. Imelala tu. Na pumzi ikilala hivi, cha kwanza ninachokiwaza ni dawa. Vidonge vya usingizi, dawa kali ya maumivu, kitu cha namna hiyo."

"Sumu."

"Sijasema sumu, nimesema dawa. Nimemchoma sindano ya kuizimua dawa ya maumivu, hata hakutikisika. Mboni zake pia si ndogo kama za aliyekula dawa zile. Sukari nimepima, iko sawa. Familia wanasema ana ugonjwa wa moyo, lakini mapigo yana nguvu kuliko yangu. Nimebaki mikono mitupu." Alijifuta jasho kwa kiwiko. "Gari la hospitali kubwa linafika saa tisa. Niambie alichomeza, nami nitajua cha kufanya. Usiponiambia, saa tisa watapakia maiti."

Inspekta akaugusa mkono wa mzee. Alitegemea ubaridi. Mkono ulikuwa wa moto, na uso chini ya kifuniko cha hewa ulikuwa na wekundu wa afya, kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Aliandika: *mikono ya moto, sura nzuri*. Hakujua kwa nini ameandika.

Koridoni binti wa mzee alimrukia kabla mlango haujafungwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, macho yamevimba kwa kulia.

"Umemwona, afande? Umeona alivyomlaza baba yangu? Vidonge vimekutwa kwenye mkoba wake! Mnataka ushahidi gani tena, mpaka aimbe?"

"Unamsema wifi yako."

"Sina wifi mimi. Nina muuaji."

"Mzee alianza lini kulala hivi?"

"Siku nne, tano. Mwanzo tukafurahi. Alikuwa halali kabisa, anakaa kitandani ameinama, anahema kama anapanda mlima. Halafu akaanza kulala. Tukasema Mungu mkubwa. Kumbe tunapewa usingizi wa kununua!" Akapiga paja. "Jioni zamu ni yangu, usiku ni yake. Nani mwingine?"

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa dakika tano kwa miguu. Mkamwana alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, miguu peku, maana viatu alivisahau nyumbani walipomchukua. Hakulia. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyelia akamaliza.

"Yu hai?" ndilo neno lake la kwanza.

"Yu hai. Vidonge ni vya nani?"

"Vyangu. Kwenye bahasha kuna mhuri wa duka na tarehe. Nilinunua tarehe kumi na tatu. Nakesha na baba usiku kucha, asubuhi natakiwa nilale na tanuri linaunguruma ukutani. Silali, afande. Nimemeza viwili. Vihesabuni."

Inspekta alikwisha kuvihesabu. Kati ya kumi, vilibaki vinane.

"Mzee alinipenda," mkamwana akaendelea, bila kuulizwa. "Alikuwa anasema katika nyumba yote ile mimi ndiye nisiyempigia kelele. Nilikuwa namwandikia pumzi zake. Daftari liko chini ya mto wake. Mtu mwenye nia mbaya anaandika?"

"Mjanja anaandika," Inspekta akasema.

Mkamwana akamtazama. "Basi kalisome, halafu uniambie mimi ni mjanja au mjinga. Hata mimi nataka kujua."

Nyumba ilikuwa na duka la mikate mbele, tanuri katikati, na vyumba vya kulala nyuma. Siku hiyo tanuri lilikuwa limezimwa, na mwenye tanuri alikuwa amekaa juu ya gunia la unga kana kwamba amesahau jinsi ya kusimama. Mtaani walimwita Hamira, kwa sababu tumbo lake liliongezeka kila mwaka bila kukosa. Alikuwa mwana wa mzee na mume wa yule aliyekuwa rumande.

"Karibu, afande. Mke wangu anaendeleaje?"

"Hana viatu."

Hamira akainamisha kichwa.

Chumba cha mzee kilitazamana na mdomo wa tanuri. Miaka arobaini mzee aliingiza na kutoa mikate pale, kabla ya kumwachia mwanawe. Dari lilikuwa jeusi kwa moshi. Kila kitu, hata fremu ya picha ya marehemu mkewe, kilikuwa na vumbi jembamba la unga. Kando ya kitanda ulisimama mtungi wa oksijeni, mrefu kama mtoto wa darasa la tano, na juu yake kifaa cha kupimia: koki, na mrija wa kioo wenye kigololi ndani. Ukifungua koki, hewa inakiinua kigololi, nacho kinaonyesha namba. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano.

Daftari lilikuwa chini ya mto, kama alivyoambiwa. Mwandiko wa duara, wa kuvutia. Tarehe moja: *thelathini na mbili*. Tarehe tano: *thelathini*. Tarehe tisa: *ishirini na sita, amelala saa mbili, alhamdulillahi*. Tarehe kumi na mbili: *ishirini na moja. Asubuhi kichwa kinamuuma*. Tarehe kumi na nne: *kumi na saba. Akinyoosha mikono inaruka-ruka. Amelala vizuri*. Tarehe kumi na sita: *kumi na nne. Baba amenona uso*. Tarehe kumi na saba, jana: *kumi na moja. Anaongea kama mlevi. Amelala vizuri sana*.

Inspekta alisoma mara mbili. Pumzi zilianza kupungua angalau siku nne kabla ya vidonge kununuliwa. Ila aliyeandika ni mtuhumiwa mwenyewe. Daftari peke yake lisingemtoa mtu mahabusu, wala kumwamsha mzee.

Akatoka koridoni. Mitungi mitano mitupu ilikuwa imeegemezwa ukutani, na ubavuni mwa kila mmoja palikuwa na tarehe kwa chaki. Akachuchumaa. Moja. Tano. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na nne. Ule wa chumbani uliandikwa kumi na sita, na mshale wa kipimo chake ulikuwa umeshalalia upande wa mwisho.

"Tarehe hizi kaandika nani?"

"Mletaji mitungi," Hamira akajibu kutoka mlangoni. "Siku anayoleta."

Inspekta akampigia mletaji mitungi hapo hapo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu mwenye haraka na mzaha.

"Nyumba ya mikate? Nawajua, afande! Mwanzo mtungi unakaa siku nne. Halafu tatu. Sasa siku mbili tu wananipigia. Nilidhani wamepata mgonjwa wa pili, nikataka kuuliza kama wanafanya harusi ya wagonjwa."

"Mtungi unaweza kuvuja?"

"Unaweza, ila utausikia. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Penye tundu patachemka."

Inspekta akakata simu. Sasa alikuwa na kitu. Hewa ilikuwa inakwenda mahali. Kumwua mgonjwa wa kifua hakuhitaji kidonge. Unafungulia hewa yake chumbani, inaisha, na yeye anabaki akivuta hewa ya kawaida isiyomtosha. Na zamu ya usiku, nyumba nzima imelala, ilikuwa ya mtu mmoja.

Aliomba sabuni na bakuli. Akapiga povu, akalipaka kila palipofungwa nati, akafungulia hewa, akasubiri uso ukiwa karibu kugusa chuma. Hakuna tone lililochemka. Akafungulia koki mpaka juu: hewa ilitoa mvumo uliomfanya hata Hamira, aliyekuwa mlangoni, ageuze kichwa. Chumba hiki na chumba cha Hamira vilitenganishwa na ubao. Hewa ikimwagwa usiku, kila mtu angeamka.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu aliyenyimwa hewa anatweta, anajitupa-tupa, midomo inakuwa ya bluu. Mzee alikuwa wa moto, mwekundu, ametulia tuli.

Inspekta akaketi kitandani, pale pale alipokuwa akikaa mzee, akaikodolea macho mitungi ya koridoni. Moja, tano, tisa, kumi na mbili, kumi na nne. Akaliweka daftari juu ya goti. Moja, tano, tisa, kumi na mbili, kumi na nne. Kadiri mtungi ulivyokwisha haraka, ndivyo pumzi zilivyopungua. Hazikupishana hata siku moja.

Hewa haikuibiwa. Haikumwagwa. Yote alikuwa ameivuta mzee mwenyewe.

Akainuka, akakisogelea kile kipimo mpaka pua karibu iguse kioo. Mbele ya namba moja palikuwa na mstari mwembamba wa gundi, umeshika nyuzinyuzi na unga. Kitu kilibandikwa hapo, kikabanduliwa. Na kwenye koki yenyewe, katika mifereji ya kushikia vidole, paliganda unga uliolowa ukakauka. Haukuwa vumbi la dari. Ulikuwa donge, lenye alama ya kidole gumba.

"Hamira. Njoo hapa. Mzee anaumwa nini?"

"Moyo, afande."

"Sote tunao. Nakuuliza ugonjwa."

"Moyo wake mkubwa…"

"Nilipofika hapa ulisema *karibu*. Sasa nakukaribisha mimi. Kaa." Alimwonyesha kiti. "Hapa palibandikwa nini?"

Hamira alitazama mstari wa gundi kama mtu anayetazama jina lake kwenye orodha mbaya.

"Plasta," akasema mwishowe. "Daktari wa hospitali kubwa aliibandika siku tuliyomtoa mzee. Akasema kigololi kisipite hapo."

"Kwa nini uliibandua?"

"Dada angeuliza. Angetaka kuona cheti cha hospitali."

"Kiko wapi?"

"Afande…"

"Baba yako anapumua mara nane kwa dakika. Huenda sasa ni saba. Kiko wapi?"

Alikwenda kwenye gunia la tatu la unga kando ya tanuri, akaingiza mkono mpaka bega, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Juu kabisa ulikuwapo mhuri wa zambarau: *Kliniki ya Kifua Kikuu na Magonjwa ya Mapafu*.

Inspekta akasoma kwa sauti. "Hana kifua kikuu. Mapafu yamechakaa kwa moshi na vumbi la miaka mingi. Oksijeni nyumbani: namba moja tu. Isizidi. Mwili wake umezoea hewa kidogo. Ikizidi, pumzi italegea, hewa chafu itajaa ndani, mgonjwa atasinzia na anaweza asiamke. Akianza kusinzia mchana, mrudisheni siku hiyo hiyo." Chini palikuwa na namba ya simu.

Akainua macho. "Hukusoma hapa?"

"Nilisoma mhuri, afande. Baada ya mhuri sikusoma kitu." Akatazama upande wa duka. "Nani atanunua mkate kwenye nyumba yenye karatasi ya kifua kikuu? Hawatasoma mstari wa pili. Nikawaambia wote ni moyo. Hata mke wangu. Hata yule tabibu alfajiri."

"Mkeo yuko rumande tangu alfajiri."

"Nilijua hajafanya kitu. Nilidhani mtamwachia wenyewe."

"Ulijua," Inspekta akasema. Hakuongeza neno. Tayari alikuwa anapiga simu.

Tabibu alipokea kwa mlio wa kwanza. "Saba, afande. Umepata?"

"Hewa unampa kiasi gani?"

"Yote niliyo nayo. Kumi."

"Ishushe."

Nyuma ya simu mtoto mchanga alilia kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemjali.

"Afande, unaniambia nimnyime hewa mtu anayekufa?"

"Hajameza dawa yoyote. Nisikilize." Akamsomea cheti, neno kwa neno, na hakufika mwisho.

"Nisomee tena hapo kwenye mapafu," tabibu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. Aliposomewa akatoa mguno, kama mtu aliyepigwa tumboni. "Tangu alfajiri nammalizia mwenyewe. Nipe hiyo namba. Na unipe watu, afande. Itabidi tumpumulie kwa mkono mpaka ile hewa chafu imtoke, na muuguzi wangu ana mama anayetoka damu. Nahitaji mikono!"

Inspekta akapiga kituoni. "Yule mwanamke asiye na viatu. Mleteni zahanati. Mbio, si kwa mwendo wa doria."

Walipoingia yeye na Hamira, chumba kilikuwa na fujo. Tabibu alikuwa kichwani mwa kitanda, amekibana kifuniko cha mpira usoni pa mzee kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anakamua puto la kupulizia. Simu ilikuwa begani, daktari wa hospitali kubwa akizungumza ndani yake. Binti wa mzee alikuwa ameng'ang'ania koki ya mtungi wa zahanati.

"Anakuwa mweusi! Angalieni midomo! Alikuwa na rangi nzuri, mmemzimia hewa, sasa anakuwa mweusi!"

"Mtoeni huyu," tabibu akasema.

Inspekta alimshika viganja vyote viwili. Mama yule alikuwa na nguvu za ajabu. "Sikiliza. Baba yako hajalishwa dawa. Ni hewa."

"Hewa inaua? Wewe umeona wapi hewa inaua?"

"Dada," Hamira akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na unga mpaka begani. "Ni kweli. Cheti ninacho mimi. Nilikificha."

Kabla dada yake hajafungua mdomo, mlango ulisukumwa na mkamwana akaingia peku, askari wa kike nyuma yake. Hakumtazama mumewe. Hakumtazama wifi yake. Alikwenda moja kwa moja kitandani.

"Nifanye nini, daktari?"

"Shika hapa. Kamua, halafu achia, mwache atoe hewa yote kabla hujakamua tena. Yote. Usimharakishe. Mapafu yake yanatoa taratibu."

"Naijua pumzi yake," mkamwana akasema, akaanza. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Kwa dakika nyingi hapakuwa na kingine ila sauti ya puto. Tabibu alishusha kigololi tena, polepole, kama alivyoelekezwa na sauti ya kwenye simu: usizime, shusha. Uso wa mzee ulipoteza ule wekundu. Ukawa wa kijivu. Kila ulivyofifia binti alitoa sauti ndogo kooni, na mara mbili mkono wake ulikwenda wenyewe kuelekea koki. Mara ya pili Inspekta akasimama kati yake na mtungi, akatoa daftari.

"Nikuulize jambo wewe mwenye zamu ya jioni. Ulikuwa ukiingia unakikuta kigololi wapi?"

"Sijui. Mbili. Baadaye tatu."

"Ukitoka unakiacha wapi?"

Binti akalivuta pindo la kanga yake.

"Nakuuliza kwa wema."

"Nilikuwa naongeza kidogo. Kidogo tu! Nusu. Alikuwa anahangaika, afande, ungeongeza hata wewe."

"Na wewe, zamu ya usiku?"

"Nusu," mkamwana akasema bila kuinua kichwa. "Si kila siku. Akizidiwa."

"Hamira?"

"Mchana. Nikitoka kwenye unga." Akavitazama vidole vyake. "Mimi nilikuwa naongeza moja."

Inspekta hakuandika. Hesabu ilijiandika yenyewe. "Na nani alikuwa anapunguza?"

Wakatazamana, wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Nani angethubutu?" binti akasema taratibu. "Ukimpunguzia mgonjwa hewa, watu watakuonaje? Wataona umemchoka. Mwenzako akiingia zamu akaikuta imeshuka…"

Hakuimaliza. Alikuwa anamwangalia wifi yake aliyemwita muuaji, mikono ikitetemeka kwa kukamua, jasho likimdondoka kwenye shuka.

"Umechoka," akamwambia. "Nipokee mimi."

"Wewe utaharakisha."

"Nifundishe."

Mkamwana akasogea kidogo, akaiweka mikono ya wifi yake juu ya yake. "Sasa. Kamua… achia. Subiri. Subiri, wifi. Bado anatoa. Haya, sasa."

Saa sita ikapita. Saa saba. Walipokezana mpaka Hamira naye akapewa, na hata askari wa kike. Mara moja, saa saba na robo, tabibu alisimamisha puto ili ahesabu pumzi za mzee mwenyewe, na hazikuja. Sekunde kumi. Kumi na tano. Hamira aligeukia ukuta. "Kamua," tabibu akasema, na wakaanza tena kama hakuna aliyeona.

Saa nane ilipokaribia, kifua kilianza kugoma. Puto lilipokamuliwa, kilikuwa kimeshapanda chenyewe. Tabibu akanyoosha kiganja: acheni. Wakaacha. Kifua kikapanda. Kikashuka. Mluzi mwembamba, mbaya, ukatoka ndani yake, kisha mwingine, kisha mwingine juu yake. Mabega yakaanza kunyanyuka. Mishipa ya shingo ikasimama.

"Kumi na tisa," tabibu akasema baada ya dakika. Kisha, "Ishirini na nne." Akaketi sakafuni kama aliyekatwa miguu.

Inspekta akamnong'oneza askari wa kike achane karatasi za kumfungulia mkamwana mashtaka, na amwambie Hamira asitoke nje ya jengo. Alipogeuka, mzee alikuwa amefumbua macho.

Yalikuwa macho ya mtu anayezama. Yalizunguka chumba, yakapita kwa mwanawe, yakapita kwa mkamwana wake, yakatua kwa binti yake aliyekuwa karibu zaidi na mtungi. Mkono wake ukatambaa juu ya shuka mpaka ukamfikia, ukamvuta kanga. Alizungumza neno moja moja, kila neno na pumzi yake, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba jambo ambalo wengine hawatakiwi kulisikia.

"Mwanangu… kidogo… tu."

Hamira alitoa sauti kama kikohozi. Mkamwana akafunika mdomo. Kwa nyuso zao Inspekta alijua kwamba kila mmoja wao, kwa zamu yake, aliwahi kuombwa hivi hivi, peke yake, na kila mmoja alidhani ni yeye tu aliyeombwa.

"Ongeza… mama… nakufa."

Kigololi kilisimama kwenye moja. Koki ilikuwa shibri moja kutoka kwenye vidole vya binti. Hakuna aliyemzuia sasa. Inspekta mwenyewe alikuwa amerudi hatua mbili nyuma. Mama yule alimtazama baba yake akivuta, akivuta, mdomo wazi, macho hayamwachi.

"Hapana, baba," akasema.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaikalia mikono yake yote miwili.